Mashine Isiyosita

Siku hizi iko mashine ambayo watu huiuliza kila jambo, nayo hujibu papo hapo kwa maneno laini. Huitwa akili bandia. Watoto wetu huipa kazi za shule, na sisi wahubiri, tuseme kweli, tumewahi kuiomba mahubiri. Asubuhi hii tuwasimulie habari ya wakili mmoja wa New York.

Mwaka 2023 wakili huyo, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 30, alikuwa na kesi ya abiria aliyesema goti lake liliumizwa na kitoroli cha chakula ndani ya ndege. Alitafuta hukumu za zamani za kutia nguvu hoja yake. Akaiuliza ChatGPT, nayo ikampa, zikiwa na tarehe na majina ya majaji. Mwenzake akazitia sahihi karatasi, zikapelekwa mahakamani. Mawakili wa upande wa pili wakazitafuta hukumu hizo wasizione. Kesi sita hazikuwako kabisa! Naye alikuwa ameiuliza mashine kama mojawapo ni ya kweli. Ikajibu kwamba ni ya kweli.

Je, mashine ilisema uongo? Hatudhani, maana asemaye uongo sharti kwanza aijue kweli. Mashine hii imelishwa maandishi mengi mno, nayo hukisia ni neno gani laelekea kufuata yaliyotangulia. Ikipata, imekisia, ikikosa, imekisia vilevile, na mara nyingi sauti yake haibadiliki. Mtu asiyejua husita, hukuna kichwa. Hii mara nyingi haisiti. Hapo ndipo tunaponaswa, sisi tuliozoea kumwamini asemaye kwa uhakika.

Tena, kosa la wakili halikuwa kule kuuliza. Jaji mwenyewe alisema kutumia chombo cha namna hiyo si vibaya, ila wakili ana wajibu wa kuhakikisha ayaletayo. Kosa ni kwamba alipoona shaka, aliirudisha kwa mashine ileile. Ni kama kumwuliza mwuza ng'ombe kama ng'ombe wake ni mzima! Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa moyo wa kupenda, lakini hawakumwachia Paulo ajishuhudie. Waliyachunguza Maandiko kila siku. Mawakili wale wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000, wakaamriwa kuwaandikia barua majaji waliotajwa katika hukumu ambazo hawakuzitoa kamwe.

Nasi hatujasimama mbali. Majuzi mmoja wetu aliandikiwa na mashine hiyo sala ya mazishi. Ilikuwa nzuri sana. Lakini haikumjua mama aliyelala mbele yetu, wala jinsi alivyokosana na jirani yake miaka mingi, kisha akamwendea usiku wa mvua wakapatana. Tukaikunja karatasi, tukaomba kwa maneno yetu wenyewe, yenye kukwamakwama, na jirani yule akaitika amina.