Reli Ikikatika Kilosa, Isaka Hungoja

Ndugu zetu wa Masumbwe hawana stesheni; gari moshi lao ni la Isaka. Hata hivyo, mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalipoikata reli baina ya Kilosa na Gulwe, mbali kabisa nao, njia yao ya reli kwenda Dar es Salaam ilifungwa kwa miezi.

Wengi hudhani tuta likijazwa na mataruma yakilazwa, shida imekwisha. Sivyo. Njia ni moja: magari hupishana stesheni tu, mabehewa yamekwama upande usiotakiwa, na juu ya tuta jipya dereva huenda taratibu. Mwenda pole hajikwai.

Basi twamwomba abiria avumilie. Lakini stesheni masta naye yampasa kumwambia ukweli mapema. Asiyeambiwa hungoja mara mbili.