Moja ya Kumi ya Alama: Sapporo 1972 na Upepo wa Kilima Kikubwa

Kuruka kwa skii ni mchezo wa majira ya baridi ambamo mwanamichezo, akiwa amefunga miguuni vibao viwili virefu na vyembamba viitwavyo skii, huteremka katika njia ya barafu kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa, hujirusha hewani kutoka ukingo wa jukwaa bila injini wala bawa, kisha hutua kwenye mteremko wa theluji ulio mbali chini yake. Mashindano ya wanaume ya mtu mmoja mmoja katika kilima kikubwa yamekuwamo katika Olimpiki tangu mwaka 1964, yalipoanzishwa Innsbruck, Austria, pembeni mwa yale ya kilima cha kawaida, na katika historia yake yote ni vigumu kupata siku iliyoufichua mchezo huu, uzuri wake pamoja na udhaifu wa vipimo vyake, zaidi kuliko tarehe 11 Februari 1972 katika kilima cha Okurayama, mjini Sapporo, Japani.

Ili matokeo ya siku ile yaeleweke, ni lazima kwanza ifahamike namna mshindi anavyopatikana, kwa kuwa mchezo huu haumtuzi tu aliyefika mbali zaidi. Mashindano huwa na mizunguko miwili, na kila mruko hupewa alama za aina mbili zinazojumlishwa. Za kwanza ni za umbali, ambazo huhesabiwa kutoka kituo maalumu kilichowekwa kwenye mteremko kulingana na ukubwa wa kilima, hivi kwamba anayekivuka huongezewa na anayekipungukia hupunguziwa. Za pili ni za mtindo, yaani utulivu wa mwili angani na ustadi wa kutua, ambapo majaji watano hutoa kila mmoja alama zisizozidi 20, ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, na tatu zinazobaki hujumlishwa. Kutua kunakotakiwa huitwa Telemark, kwa jina la eneo la Norwei ambako mtindo huo ulitokea, na maana yake ni mguu mmoja kutangulia mwingine huku magoti yakikunjwa na mikono ikinyooshwa pembeni. Anayetua kwa miguu iliyo sambamba hupoteza alama hata kama ameruka mbali.

Olimpiki ya Sapporo ilikuwa ya kwanza ya majira ya baridi kufanyika barani Asia, na siku tano kabla, katika kilima cha kawaida cha Miyanomori, Wajapani Yukio Kasaya, Akitsugu Konno na Seiji Aochi walikuwa wamenyakua medali zote tatu, huku Kasaya akiipatia nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya majira ya baridi. Ilikuwa haki, basi, kwa wenyeji kutazamia ushindi mwingine Okurayama. Hakuna aliyekuwa akimtazamia Wojciech Fortuna, kijana wa miaka 19 kutoka Zakopane, mji wa milimani kusini mwa Poland, aliyeongezwa katika kikosi cha nchi yake dakika za mwisho, ingawa nafasi ya sita aliyoipata Miyanomori ilipaswa kuwa ishara kwamba hakuja kutalii.

Katika mruko wa kwanza Fortuna alifika mita 111. Kasaya alifika mita 106, na wengi wa waliobaki waliachwa nyuma sana. Katika mruko wa pili mambo yaligeuka kabisa: Fortuna alitua kwenye mita 87.5, Kasaya akaishia mita 85 na kuporomoka hadi nafasi ya saba, ilhali Mswisi Walter Steiner, aliyeanza kwa mita 94, alifika mita 103, na Rainer Schmidt wa Ujerumani Mashariki, aliyeanza kwa mita 98.5, alifika mita 101. Hesabu zilipofungwa, Fortuna alikuwa na alama 219.9, Steiner 219.8, Schmidt 219.3, na Tauno Käyhkö wa Finlandi 219.2, kwa hiyo watu wanne walitenganishwa na alama 0.7 tu, na dhahabu na fedha zikatenganishwa na moja ya kumi.

Msomaji anayejumlisha mita ataona jambo la kushangaza. Schmidt aliruka jumla ya mita 199.5, Fortuna 198.5 na Steiner 197, maana yake aliyefika mbali zaidi kwa mita alipata shaba. Tena, umbali hupimwa kwa hatua za nusu mita, na siku hizo ulikadiriwa kwa macho ya maofisa waliopangwa kando ya mteremko. Kwa kanuni za leo za kilima kikubwa, ambapo mita moja ni alama 1.8, moja ya kumi ya alama ni takriban sentimita sita, yaani pungufu mno ya kile kinachoweza kupimwa. Mchezo huu umewahi kuumizwa na hesabu hata kwa namna iliyo wazi zaidi: shaba ya Chamonix ya mwaka 1924 alipewa Thorleif Haug wa Norwei, hadi ilipogundulika miaka 50 baadaye kwamba kujumlisha kulikosewa, na mwaka 1974 medali ikakabidhiwa kwa Mmarekani Anders Haugen, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80.

Kosa la kujumlisha husahihishika. Upepo hausahihishiki kwa urahisi huo. Upepo unaovuma kutoka mbele hupanda na mteremko na kumwinua mrukaji kwa chini, kama unavyoinua tiara, na kumwongezea mita nyingi, wakati upepo wa nyuma humkandamiza na kumfanya atue mapema, na hali hizo mbili zinaweza kubadilishana ndani ya dakika moja, kati ya mrukaji mmoja na anayemfuata. Kwa sababu hiyo wapo waliosema kwamba dhahabu ya Fortuna ilikuwa zawadi ya upepo. Kauli hiyo haimtendei haki. Upepo mzuri humfaa tu anayejua kuulalia, kwa mwili ulioinama mbele bila woga na skii zisizoyumba, na mita 111 za kijana yule zilimtaka akae angani na kutua salama mahali ambapo mteremko tayari umeanza kulainika na kuwa tambarare, pale ambapo magoti hupokea kishindo kikubwa zaidi. Steiner naye hakuhitaji kuonewa huruma, kwani mwezi uliofuata alitwaa ubingwa wa dunia wa kuruka katika vilima vikubwa kupita vyote huko Planica, akaurudia mwaka 1977, na ustadi wake, yeye aliyekuwa mchonga mbao, ukamvuta mwongozaji Werner Herzog kumtengenezea filamu mwaka 1974.

Kuanzia majira ya joto ya mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Skii lilianza kujaribu kanuni ambayo warukaji wa Sapporo hawakuwa nayo: vipimaupepo huwekwa sehemu kadhaa kando ya mteremko, wastani wa upepo aliokutana nao kila mrukaji hukokotolewa, na aliyesaidiwa hupunguziwa alama huku aliyekandamizwa akiongezewa, vilevile alama hurekebishwa pale mahali pa kuanzia mteremko panaposogezwa juu au chini. Kanuni hii ni hatua kubwa ya haki, ingawa wastani hauwezi kueleza kila kitu, kwa maana mvumo wa ghafla haumwathiri mrukaji kwa kiasi kilekile katika kila sehemu ya mruko.

Kanuni hiyo ilitumika katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Sochi, Urusi, mwaka 2014, na ndipo Mpolandi mwingine, Kamil Stoch, aliyezaliwa Zakopane kama Fortuna, alipotwaa dhahabu ya kilima kikubwa kwa alama 278.7 dhidi ya 277.4 za Mjapani Noriaki Kasai, aliyekuwa na umri wa miaka 41. Wote wawili walifika mita 139 katika mruko wa kwanza. Katika wa pili Stoch alifika mita 132.5 na Kasai 133.5, na kwa mara nyingine mshindi hakuwa yule aliyefika mbali zaidi.