Mchanga Usioweka Maji

Mkulima wa mwambao, kuanzia Kilifi hata Mtwara, aijua vyema adha ya udongo wa kichanga: mvua ya masika yaweza kunyesha usiku kucha, na baada ya siku chache za jua mchicha ukanyong'onyea kana kwamba haukupata tone. Si kwamba mchanga wayakataa maji; wayapokea kwa ukarimu uliopita kiasi, ila hauna pa kuyaweka, kwa sababu chembe zake ni kubwa na nafasi zilizo baina yao ni pana, hata maji huzama na kuipita mizizi kabla haijayafaidi.

Dawa yake ni mboji, yaani majani, samadi na mabaki ya shamba yaliyooza hata yakawa meusi na kupoteza harufu. Mboji ina vitundu vidogo visivyo idadi, vinyonyavyo maji na kuyaachilia polepole, na kadhalika huzigandisha chembe za mchanga. Finya gao la mchanga mtupu uliolowa, nao humomonyoka mara ufunguapo kiganja. Uliochanganywa na mboji hubaki donge lenye alama za vidole.

Nasi wenye minazi tuna hazina ambayo aghalabu huitia moto. Wakulima wa Sri Lanka na Kerala huyafukia makumbi kuuzunguka mnazi, tumbo la kumbi likielekea juu ili likinge maji. Hata chicha za makumbi zinazosalia baada ya kupigwa usumba hubeba maji mara kadhaa ya uzito wake. Lakini zikiwa za makumbi yaliyovundikwa ufukoni, sharti zioshwe kwanza kwa maji baridi, maana zimejaa chumvi.

Asighurike mtu akafukia maranda mabichi ya seremala, kwani vijidudu viyaozeshavyo huinyang'anya mimea naitrojeni, ikageuka manjano. Tena, joto letu huila mboji upesi, hivyo haina budi kurudiwa kila mwaka. Kwa tuta la mboga, tabaka la sentimita 5 lichanganywe hadi kina cha sentimita 20, kisha juu yatandazwe majani makavu. Na mwenye mboji haba asiitapanye shamba zima, bali aitie mashimoni, palipo na mizizi.