Mbona maji hujaa mara mbili kwa siku?

Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba mwezi ndio unaovuta maji. Mvuvi wa Lamu au wa Vanga hupanga safari zake kwa bamvua na maji mafu. Lakini mtoto akiuliza swali hili, wengi wetu hunyamaza: mwezi hupita juu yetu mara moja tu kila saa 24 na dakika 50 hivi, mbona maji hujaa mara mbili?

Tumezoea kusema kuwa mwezi huizunguka dunia, kana kwamba dunia imekaa kitako. Sivyo. Vyote viwili huzunguka nukta moja ya pamoja, pale uzito wao unapolingana.

Mfikirie mchukuzi wa mzega. Ndoo zikiwa sawa, bega hukaa katikati ya mti. Moja ikizidi uzito, bega husogea upande wake. Dunia ni nzito kuliko mwezi mara 81 hivi, na baina yao kuna wastani wa kilomita 384,400. Kwa hivyo "bega" lao liko kilomita 4,700 hivi kutoka kitovu cha dunia. Hapo ni ndani ya dunia yenyewe, yapata kilomita 1,700 chini ya miguu ya aliye na mwezi utosini. Kwa siku 27 na ushei, mwezi humaliza duara kubwa na kitovu cha dunia humaliza duara dogo.

Sasa turudi baharini. Maji yaliyo upande wa mwezi yako karibu nao, huvutwa kuliko kitovu cha dunia, hivyo hujaa. Ya upande wa pili yako mbali, huvutwa kidogo kuliko kitovu, hivyo huachwa nyuma na kufura vilevile. Dunia ikijizungusha, pwani yetu hupitia pande zote mbili, ndiyo maana maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Lau dunia ingefungwa palepale isiufuate mwezi, maji yangefura upande mmoja tu.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua hukaa nao mstari mmoja na kuongeza mvuto. Ndipo tunapoona bamvua.

Basi mtoto akiuliza, mpe mti na ndoo mbili, moja imejaa, nyengine nusu, atafute pa kuweka bega. Ukimwambia tu kuwa mwezi huvuta maji, umempa nusu ya jibu.