Umbali, Pembe na Mwendo: Vita vya Vyombo Vidogo katika EVE Online

EVE Online, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya CCP ya Iceland tarehe 6 Mei 2003, huwakutanisha maelfu ya wachezaji katika ulimwengu mmoja wa nyota, na ingawa habari zake zinazovuma ni za manowari kubwa za angani, ustadi wa mchezaji hupimwa vizuri zaidi katika frigeti, yaani vyombo vidogo vya kivita. Ndivyo ambavyo mgeni huvirusha mapema, na tangu Novemba 2016, mchezo uliporuhusu watu kucheza bila kulipa, ndivyo pia ambavyo kijana asiye na fedha za ziada anaweza kuvirusha kwa muda mrefu.

Frigeti nne zinazojulikana zaidi hutoka katika dola nne za mchezo huo. Punisher ya Amarr ina deraya nene, lakini mizinga yake ya leza hula umeme mwingi wa chombo. Merlin ya Caldari hutegemea ngao, yaani kinga ya nishati inayokizunguka chombo na kujijaza yenyewe. Incursus ya Gallente hujikarabati deraya huku ikipiga kutoka karibu. Rifter ya Minmatar ni nyepesi na yenye mbio, na mizinga yake ya risasi haihitaji umeme hata kidogo, kwa hiyo huendelea kufyatua hata adui anapoinyonya nishati yote. Kutokana na umbo hilohilo la Rifter yametengenezwa matoleo mawili ya gharama zaidi: Wolf, inayotegemea deraya, na Jaguar, iliyopewa ngao na mwendo. Mabishano kuhusu lipi bora hayana mwisho, kwa sababu Wolf hufaa pale adui anapokubali kusogelewa, na Jaguar hufaa pale anapojaribu kukimbia.

Jambo linalowaponza wageni wengi ni kudhani kwamba mzinga mkubwa ndio unaoshinda. Katika mchezo huu mzinga hugeuka kwa kasi yenye kikomo, na shabaha ikimzunguka mpigaji upesi kuliko mzinga unavyoweza kugeuka, risasi hupotea. Chombo kinachokwenda mita 600 kwa sekunde kikimzunguka adui kwa umbali wa kilomita 1 hukamilisha duara kwa sekunde zipatazo 10 na nusu, ilhali kwa mwendo uleule, kikiwa umbali wa kilomita 6, duara huchukua zaidi ya dakika nzima, na aliye katikati hupata wasaa wa kulenga. Kwa hiyo rubani wa Rifter anayekabili leza za masafa marefu hujitahidi kuingia karibu, wala haendi kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa chombo kinachomjia adui moja kwa moja hakibadilishi pembe na hupigwa kwa urahisi. Huja kwa kuzunguka, akipunguza umbali kidogo kidogo. Akifika ndani ya kilomita 9 hivi, huwasha kifaa kinachomzuia adui kutoroka, kisha kingine cha kumpunguzia mwendo, na tangu hapo yeye ndiye anayechagua umbali wa pambano.

Kanuni hiyo ilijulikana kabla ya kompyuta. Tarehe 26 Desemba 1915, katika Ziwa Tanganyika, boti mbili za Waingereza zilizoitwa Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi na kiunzi cha mbao, ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Mzinga wa Kingani ulielekea mbele tu, nazo boti za kamanda Geoffrey Spicer-Simson zilikuwa na mbio zaidi. Ziliiacha ipite, zikaifuata kutoka nyuma, na pambano likaisha kabla ya robo saa kutimia. Kingani haikushindwa kwa udogo wa mzinga wake, bali kwa kukosa nafasi ya kuuelekeza.

Kwa mtu wa Shighatini, katika Milima ya Upare ya Kaskazini, anayeingia intaneti kwa mtandao wa simu, mchezo huu una fadhila nyingine. Katika michezo ya kufyatuliana risasi, kuchelewa kwa mawasiliano kwa sehemu ndogo ya sekunde hutosha kumuua mchezaji, lakini seva ya EVE Online, iliyoko London, hukokotoa matukio mara moja kwa kila sekunde, hivyo anayefikiri mapema hapitwi sana na mwenye vidole vyepesi. Asiye na kompyuta anaweza kuanza na EVE Echoes, mchezo wa simu uliotoka mwaka 2020. Anayeanza na achukue frigeti ya bei nafuu kama Rifter, kwa sababu chombo kilicholipuliwa hakirudi, na kila anapoipoteza ajiulize alipigwa akiwa umbali gani kabla ya kutafuta mzinga mkubwa zaidi.