Sufuria la Umeme Lilivyomeza Nauli Yetu ya Krismasi!

MAMA NEEMA aligundua siku ya Jumanne jioni. Alishusha kopo la maziwa ya unga tunalotunzia nauli ya kwenda nyumbani Desemba, akahesabu, akahesabu tena, halafu akanigeukia.

“Baba Neema, pauni 180 zimekwenda wapi?”

Sikuwa na la kusema. Nilinyoosha tu kidole kule jikoni. Pale kwenye kona kulikuwa na dude la chuma linalong’aa, refu kama ndoo mbili zilizobebana, lina waya wa umeme, pampu na vitufe vya kubonyeza. Mashine ya kupikia bia nyumbani!

Mpenzi msomaji, usinicheke kwanza. Mimi ni mtoto wa Marangu ninayehangaika na maisha hapa Reading, Uingereza. Kila Ijumaa washikaji wananiburuta baa, glasi moja ya paini ni pauni 5 hivi, na ukizungusha raundi mbili mfuko unalia. Nikapiga hesabu: vifaa vya kupika paini 40 vinanigharimu kama pauni 25. Yaani glasi haifiki hata pauni moja. Nani angekataa?

Na kisheria hakuna soo. Tangu mwaka 1963 Waingereza wanaruhusiwa kupika bia yao nyumbani bila leseni, mradi ni ya kunywa wenyewe. Basi jamaa mmoja aliyekuwa anahama akaniuzia dude lake lililotumika. Nikachota kwenye kopo, nikijiambia nitarudisha kabla mtu hajajua. Mnajua mambo hayo yanavyoisha.

DUDE LENYEWE LIKOJE?

Zamani mpika bia wa nyumbani alihitaji masufuria matatu na jiko la gesi. Hili dude linafanya yote. Chini kuna koili ya kupasha moto, kama ile ya birika la umeme. Ndani kuna kikapu cha chuma chenye matundu, humo unaweka kimea. Pampu inavuta maji kutoka chini na kuyamwagia juu ya kimea, yanazunguka hivyo hivyo. Kidhibiti joto kinashika nyuzi unazotaka. Ukimaliza unanyanyua kikapu, na sufuria lile lile linachemsha.

Majina ni mengi. Wajerumani wana Braumeister, New Zealand kuna Grainfather, Australia wana BrewZilla. Yanatofautiana kwa bei na urembo, lakini kazi ni moja.

KABLA HUJATOA PESA

Kwanza angalia umeme wako. Plagi ya Uingereza inabeba ampea 13, kwa hiyo mashine isiyozidi wati 3,000 hivi inakaa sawa. Yale makubwa ya lita 65 mara nyingi yanataka laini yake peke yake. Marekani, ambako soketi za kawaida ni volti 120, mashine nyingi ndogo ni wati 1,600 hivi, na kuchemsha kunachukua muda mrefu. Ukiwa huko uwe na subira.

Pili, ukubwa. Lita 35 zinatosha kabisa kwa kupika lita 23. Usinunue pipa la harusi kama unaishi chumba kimoja.

Tatu, mvuke. Utachemsha saa nzima bila kufunika. Jikoni kwangu king’ora cha moshi kililia mpaka jirani akagonga mlango. Fungua madirisha, la sivyo ukuta utaota ukungu na mwenye nyumba atakuita.

Nne, na hili nalisisitiza: tafuta ile swichi ya usalama iko wapi. Kuna mashine zilizowekewa chini kabisa, kwenye kitako. Endelea kusoma ujue kwa nini.

SIKU YA KWANZA, AIBU TUPU

Jumamosi nilijifanya mtaalamu. Nilimwomba muuza duka anisagie kimea laini kabisa, nikiamini kadiri kinavyolainika ndivyo sukari inavyotoka nyingi. Nikaweka maji, nikamwaga kilo 5, nikabonyeza vitufe, nikaenda sebuleni kutazama mpira. Si mashine itajipikia?

Kipindi cha pili nikasikia harufu ya ugali ulioungua. Kurudi jikoni, nyuzi zinashuka, koili imezima. Unga ulikuwa umepenya kwenye matundu, ukalala juu ya koili na kuungua. Kimea kingine kikajikandika kama saruji, maji juu yamejaa, chini hamna kitu, pampu inanguruma kavu. Ile swichi ya usalama imejikata kwa sababu ya joto.

Swichi yenyewe iko wapi? Kwenye kitako! Na juu yake kuna lita 25 za uji wa moto. Nikaanza kuliinamisha. Hapo ndipo Mama Neema alipoingia na mtoto mkononi.

“Wewe! Unataka kutuunguza?”

Nilichomoa waya nikakaa chini. Kweli, lingenielemea kidogo tu, leo nisingekuwa naandika habari hii kwa mkono mzima. Tukaacha lipoe, tukamwaga vyote. Pauni 25 za vifaa zikafuata zile 180.

MAMA ANIPA DAWA

Jumapili nikampigia simu mama yangu Marangu. Mama amepika mbege miaka nenda rudi, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mtungi ule. Nilipomweleza alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopatikana tena akasema:

“Mwanangu, uji wa ulezi ukiuacha unaungulia. Umeme au kuni, mpishi haachi chungu chake.”

Hapo ndipo akili ikanirudi. Mambo ni yale yale! Kwenye mbege kuna kimea cha ulezi, hapa kuna kimea cha shayiri. Mama anatia magome ya msesewe kupata uchungu, Mzungu anatia maua ya hopsi. Na yale maji matamu yanayotoka kwenye kimea kabla hayajachachuka, onja mwenyewe: togwa tupu.

MARA YA PILI, TARATIBU

Safari hii dude nililiweka juu ya meza imara, fupi, yenye uwazi katikati, mkono ufike kwenye swichi bila kuinamisha kitu. Kimea nikataka kivunjwe tu, punje zipasuke na maganda yabaki, maana maganda ndiyo chujio.

Nikapasha maji, nikamwaga kimea pole pole huku nikikoroga kuvunja madonge. Joto nikalishika nyuzi 66 kwa dakika 60. Hapo vimeng’enya vya kimea vinageuza wanga kuwa sukari. Ukizidisha joto vinakufa, unabaki na uji. Pampu nikaifungulia kidogo tu, maji yashuke kwa kasi ile ile yanayovutwa.

Baada ya hapo nikanyanyua kikapu kikachuruzika, nikakisuuza kwa maji ya nyuzi 75. Kimea kilicholowa kina uzito wa karibu kilo 10 na kina moto, kwa hiyo mwite mtu akusaidie. Mimi nilimwita shemeji.

Kisha kuchemsha saa nzima. Dakika za mwanzo povu linafura kama maziwa, usibanduke. Hopsi za mwanzo zinaleta uchungu, za dakika za mwisho zinaleta harufu. Koili ya kupozea nikaitumbukiza dakika 15 kabla ya kuzima ili ichemke iwe safi, halafu nikapitisha maji ya bomba ndani yake mpaka joto likashuka nyuzi 20.

Kuanzia hapo kila kinachogusa bia lazima kiwe kimesafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu: ndoo, mrija, mwiko, hata mikono yako. Ukizembea, subiri siki. Nikahamishia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kutolea gesi, nikanyunyiza pakiti moja ya hamira ya bia, gramu 11, nikaficha kabatini wiki mbili.

Haidromita ilisoma 1.048 mwanzoni, mwishoni 1.010. Hiyo ni bia ya karibu asilimia 5. Usijaze chupa mpaka kipimo kisibadilike siku mbili tatu mfululizo, vinginevyo chupa zitapasuka kama mabomu. Nikatia sukari kama gramu 140 kwa lita zote 23 ipate gesi, nikasubiri wiki mbili nyingine. Na usisahau kuosha koili siku ile ile. Ndiyo kazi inayochukiza kuliko zote, lakini uchafu ukikauka utaunguza pishi lijalo.

Nilipofungua chupa ya kwanza, pssss! Mama Neema akaonja, akanyamaza, akaonja tena. “Siyo mbaya,” akasema. Kwa anayemjua, hiyo ni medali.

WASHIKAJI WATAKA KUUZIWA

Hapo ikaja mitihani. Mshikaji mmoja ana sherehe, anataka chupa 60, analipa taslimu. Nikaona kopo la nauli likijaa kwa siku moja! Mama Neema akauliza swali moja tu: “Na wakija kukukamata, utakwenda Marangu na nini?”

Ana haki. Ruhusa ile ni ya bia ya kunywa mwenyewe. Ukiuza unatakiwa kusajiliwa na kulipa ushuru. Na wale wanaowaza kulitumia dude kutengeneza gongo, acheni kabisa. Kukeneka bila leseni hapa ni kosa. Nikamwambia mshikaji hapana. Alinuna mwezi mzima, sasa anakuja kunywa bure.

KOPO LIMERUDI

Nilifanya hivi: kila Ijumaa niliyokaa nyumbani badala ya baa, pauni 10 zilikwenda kwenye kopo. Wiki 18, pauni 180 zikatimia. Wiki tatu nyingine nikafidia lile pishi lililoungua.

Kwa hiyo unauliza, ninunue au nisinunue? Kama wewe ni wa chupa moja kwa mwezi, achana nalo. Saa tano hadi sita za Jumamosi si mchezo. Kama una kundi la marafiki, una nafasi na una moyo wa kuosha vyombo, chukua lililotumika. Ila kwanza mwambie mwenzio. Hiyo ndiyo swichi ya usalama ya kwanza.

Desemba tunakwenda Marangu. Mama ameshasema bia yangu ataionja, lakini mtungi wa mbege utakuwa pembeni, tulinganishe. Najua nitashindwa!