Jumanne Isiyokuwa na Jambo



Siku kubwa sote twajua kuziandika. Mtoto akizaliwa, baba hutwaa kalamu akaandika jina, siku na saa katika ukurasa wa mwisho wa msahafu. Ndoa ikifungwa huandikwa, na mzee akifariki kadhalika. Lakini siku iliyo kati ya ndoa na mauti, siku ambayo mtu aliamka, akatafuta riziki yake, akakasirika kidogo, akala, akalala, hiyo hapana aiandikaye. Nasi tukiuhesabu umri wetu twaona kwamba karibu wote ni siku za namna hiyo.

Mwezi huu twataka kuwasimulia siku moja kama hiyo, na jinsi ilivyotuaibisha.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Novemba 2019, katika Mfunguo Sita wa mwaka 1441, kwetu Pangani. Maulidi yalikuwa yamekaribia, nasi tulikuwa na shughuli nyingi mno: wavulana walikuwa hawajaihifadhi kasida yao, kanzu za wadogo zilikuwa zingali kwa fundi, na mtu aliyeahidi kutuletea mikeka alikuwa hapokei simu. Pamoja na hayo tulikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi wakubwa zoezi la kuandika Kiswahili, kwani twaona ni aibu kijana kukhitimu Kurani naye hawezi kumwandikia mjomba wake barua ikasomeka. Zoezi la juma lile lilikuwa hili: andika mambo yako yote ya siku ya leo, tangu kuamka hata kulala, pasipo kuongeza wala kupamba. Na ili wasije wakasema kwamba mwalimu huamuru asiyoyafanya, tukaahidi kuandika na sisi.

Tuliyoyaandika usiku ule ni haya, twayanakili kama yalivyo:

“Jumanne. Kumekucha kwa manyunyu. Mama watoto amekaanga mahamri, ya mwisho yameungua kwa sababu alikuwa akizungumza na jirani dirishani. Sokoni changu ni ghali, tumenunua dagaa. Adhuhuri msikitini. Madrasa, wanafunzi 31. Mmoja amechelewa, ameonywa. Kasida bado, ubeti wa tatu wanaukosa. Kufuli la mlango lasumbua, fundi hakulitengeneza vizuri. Umeme umekatika kabla ya Isha, ukarudi tumekwisha kula. Siku njema, alhamdulillahi.”

Tulipoyasoma maneno hayo tulifurahi nayo. Tukaona tumesema kweli tupu, hata dagaa hatukuwaficha.

Jumatano tukakusanya madaftari 14. Tukaketi barazani na kalamu ya wino mwekundu, tukayapitia yote kabla ya Magharibi. Mmoja wa wenye madaftari yale alikuwa mvulana wa miaka 11, ambaye jina lake hatutalitaja. Alikuwa akikaa na bibi yake Bweni, ng’ambo ya mto, na kila siku baada ya shule akivuka kwa kivuko kuja kusoma kwetu, kwa kuwa marehemu baba yake naye alisoma kwetu. Yeye aliandika hivi:

“Niliamka bibi anakohoa. Nilichota maji ndoo mbili. Chai haikuwa na sukari nikanywa hivyo hivyo. Shule tulifanya hesabu nikapata 6 kwa 10. Niliporudi bibi alikuwa hajala, nikapika uji ukashika chini kidogo. Alikunywa nusu. Kivuko kikaniacha nikasubiri cha pili. Mwalimu akaniuliza mbele ya wote umetoka wapi, nikanyamaza. Akasema mimi ni mtoro kama watoro wote wa ng’ambo. Wenzangu walicheka. Nilisoma Surat al-Mulk mpaka aya ya kumi. Jioni bibi aliniuliza leo umesoma nini nikamwambia al-Mulk. Mengine sikumuambia.”

Sisi tulifanyaje? Tulitia mkato baada ya neno sukari. Tuliandika “shuleni” mahali pa “shule”. Tulilikata lile “sikumuambia”, tukaandika juu yake kwa wino mwekundu “sikumwambia”. Kisha chini tukaandika: “7 kwa 10. Jitahidi.” Tukachukua daftari la pili.

Twakiri kwamba tuliyasoma maneno yale kwa jicho la nukta na mkato. Lau si mama watoto, daftari lile lingemrudia mwenyewe na wino wetu juu yake, na habari ingeishia hapo.

Mama watoto ana mazoea ya kuyapekua madaftari ya wanafunzi usiku, kwani hupenda kujua nani kala nini na nani kagombana na nani. Usiku ule alikuwa akisoma huku akicheka, mara akanyamaza. Akasema, “Bwana, huyu mtoto wa ng’ambo umemsoma?”

Tukamjibu, “Tumemsoma. Amepata saba.”

Akasema, “Sikukuuliza amepata ngapi.” Akatusogezea daftari.

Tukasoma mara ya pili. Kisha tukaenda kulichukua daftari letu wenyewe, tukayaweka mawili hayo pamoja chini ya taa. Siku ni ile ile, chumba ni kile kile, na jambo ni lile lile. Kwake yeye lilichukua mistari minne, na lilimfuata hata ng’ambo ya mto, akalala nalo. Kwetu sisi lilikuwa neno moja: “ameonywa”. Wala hatukudanganya, maana kweli tulimwonya. Hapo ndipo tulipoliangalia tena lile andiko letu la kweli tupu, tukaona kwamba kila kosa lililomo lina mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Mahamri ni ya mama watoto, ubeti ni wa wavulana, kufuli ni la fundi. Sisi tulipita katika siku ile kama mtu aliyeshika mwavuli, mvua ikawanyeshea wengine.

Hapa yafaa tuwasimulie habari ya kinyozi mmoja, nanyi mtaona inahusu nini.

Kinyozi huyo aliitwa Ahmad al-Budayri, mwenyeji wa Damascus katika nchi ya Sham, na aliishi katika karne ya 18. Hakuwa kadhi wala mufti. Alinyoa watu, akasikiliza mazungumzo yao, na mambo ya siku zake akayaandika, tangu mwaka 1741 mpaka 1762. Ndani ya kitabu chake mna magavana na ghasia za askari, na mna tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1759, lakini pia mna bei ya mkate, na mna vifo vya watu ambao wanachuoni wasingewaona kuwa wastahili kutiwa kitabuni. Na lugha yake ni ile ile ya mtaani kwake. Zaidi ya miaka mia baadaye kitabu kile kikafika mikononi mwa mwanachuoni wa mji huo huo, Muhammad Said al-Qasimi, aliyefariki mwaka 1900. Yeye alikipenda, na twamshukuru, maana alikiokoa katika kusahauliwa. Lakini alikisafisha. Lugha akaitengeneza, na aliyoyaona ni ya ziada akayakata. Kitabu kilichosafishwa ndicho kilichopigwa chapa Cairo mwaka 1959, watu wakakisoma wakidhani ndiye kinyozi mwenyewe asemaye. Kumbe nakala yenye maneno ya kinyozi kabla ya kusafishwa ilikuwako Dublin, katika nchi ya Ireland, katika maktaba ya Chester Beatty. Mwanamke mtaalamu, Dana Sajdi, alizilinganisha mbili hizo, akatoa kitabu chake juu ya kinyozi huyo mwaka 2013.

Tulipokuwa tumeishika kalamu yetu nyekundu usiku ule, tulimkumbuka Sheikh al-Qasimi. Naye hakukusudia ubaya.

Wala msidhani kwamba kuandika mambo ya kila siku ni desturi mpya katika Uislamu, au kwamba tumeiokota kwa Wazungu. Mwalimu mmoja wa madhehebu ya Hanbali mjini Baghdad, Abu Ali ibn al-Banna, aliandika kwa mkono wake mwenyewe habari za siku zake za mwaka 1068 na 1069: nani kafa na nani kamzika, nani kaota ndoto gani, watu wagombania nini. Sehemu ya karatasi zake ilisalimika, ikahifadhiwa Damascus, na kuanzia mwaka 1956 George Makdisi akaichapisha London. Yaani mtu alijiandikia mambo yake ya jana na juzi, nasi twayasoma baada ya miaka zaidi ya 900.

Na masheikh wetu walikuwa na jina la hesabu ya namna hii: muhasaba. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, lakabu yake yatokana na neno hilo. Naye Imamu Ghazali katika Ihya ametenga kitabu kizima kwa ajili ya kuichunga nafsi na kuihesabu, akaifananisha nafsi na mshirika katika biashara, ambaye yakupasa umwulize jioni mtaji uko wapi, faida ni ipi na hasara ni ipi. Watu wa pwani mfano huu hauwapiti. Mwenye duka huandika hata kibiriti kimoja alichokopesha, kwani ajua kwamba hasara ya duka haitokani na gunia lililoibwa, bali na vibiriti.

Yamkini msomaji atauliza: je, mtu aandike na dhambi zake? La. Aliyesitiriwa na Mwenyezi Mungu asijifunue, na daftari si mahali pa kujitangaza, kwani daftari hupotea na watoto hupekua (na mama watoto pia). Lakini haki za watu ni jambo jingine. Ulilokosana na Mola wako, toba yako yaenda kwake. Ulilomtendea mja mwenzio, huna budi umrudie mwenyewe, na hutamrudia ikiwa umesahau kwamba ulimtenda. Sisi hatukusahau, illa tuliandika “ameonywa”, na hilo ni sawa na kusahau, tena ni baya zaidi, maana lina sura ya kukumbuka.

Alhamisi hapakuwa na darasa. Tukavuka Bweni baada ya Alasiri na mkoba wa sukari na machungwa. Tulikuwa tumeyapanga maneno yetu tangu nyumbani. Tulipofika tukamkuta bibi amekaa ukumbini kwenye mkeka, kikohozi kimempungua, akafurahi mno kutuona. Akasema, “Karibu mwalimu, karibu. Mjukuu wangu akusifu kila siku.” Mvulana alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, ametukodolea macho.

Ndugu wasomaji, maneno yetu yote yaliishia pale. Kama tungeomba radhi mbele ya bibi, tungemfunulia lile ambalo mtoto alijitahidi kumficha ili asimhuzunishe. Basi tukasema tumekuja kumjulia hali. Tukanywa chai, nayo mara hii ilikuwa na sukari ya kutosha, tukasikiliza habari za mwanawe marehemu na jinsi alivyokuwa akiogopa fimbo yetu. Tulicheka pamoja naye, lakini moyoni hatukucheka.

Mvulana akatusindikiza hadi kivukoni. Njiani tukamwambia, “Mwanangu, siku ya Jumanne tulikukosea. Tulikuita kwa jina lisilo lako, na hatukukuuliza kwa wema. Tusamehe.”

Akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. Akasema, “Haidhuru, mwalimu.” Tukaona si jibu la kusamehe, ni jibu la adabu, na mtoto mwenye adabu huwezi kumlazimisha zaidi ya hapo. Tukanyamaza. Kivuko kilipokuwa chakaribia akauliza, “Mwalimu, ni ‘sikumwambia’? Siyo ‘sikumuambia’?”

Tukamwambia ndiyo, huandikwa ‘sikumwambia’, lakini yeye alikuwa ameandika vizuri.

Lakini deni lilikuwa bado halijalipwa lote, maana neno lile lilisemwa mbele ya wanafunzi 30 wengine, nao walicheka kwa idhini yetu. Jumamosi kabla ya kasida tukasimama, tukawaambia kwamba yule tuliyemwita mtoro hakuwa mtoro, alikuwa na kazi ya halali nyumbani, na kwamba kosa lilikuwa letu. Tena katika ng’ambo yote hatujui watoro ni nani. Kazi yenyewe hatukuitaja. Wadogo hawakuelewa. Wakubwa wawili watatu walitazamana. Mmoja katika waliocheka sana siku ile akasogea kwenye mkeka, akampisha mwenzake nafasi.

Usiku tukaandika: “Jumamosi. Jua kali. Mahamri mazuri. Wanafunzi 29, wawili wana homa. Tumesema mbele yao yale ya Jumanne. Sauti ilitutetemeka, hatukuipenda. Yule wa Bweni alifika kabla yetu, akatukuta tukihangaika na kufuli. Akalifungua yeye. Ubeti wa tatu bado.”